Gitaa halikai tyuni ukumbini: dalili, chanzo na dawa yake

Mpigaji akilalamika kwamba gitaa lake halikai tyuni kwenye shughuli, huenda anazungumzia moja kati ya matatizo mawili, na dawa ya moja haitibu la pili. La kwanza ni la gitaa lenyewe: uzi umelegea, umenasa, au umechoka. La pili ni la sikio: gitaa liko sawa, ila mwenyewe halisikii, au analilinganisha na sauti isiyostahili kulinganishwa nayo. Kwa nilivyoona, hili la pili ndilo linalowatesa wengi kwenye harusi, baa na makanisa yenye spika kubwa, lakini lawama zote huangukia nyuzi.

Kwa hiyo kabla hujagusa ufunguo wowote wa kukazia nyuzi, toka na gitaa nje. Nyuma ya ukumbi, kwenye korido ya jikoni, hata ndani ya gari lililofungwa vioo. Piga kodi mbili tatu unazozijua vizuri. Likiwa limepotea huko huko nje, nenda moja kwa moja kwenye dalili za nyuzi zinazoshuka au kunasa hapa chini. Likiwa tamu nje na chungu ukirudi jukwaani, endelea kusoma hapa.

(Nikisema uzi wa 6 namaanisha ule mnene wa juu, E. Uzi wa 1 ni ule mwembamba wa chini.)

Dalili: nageuza ufunguo lakini sisikii ninachofanya

Mwizi hapa ni besi. Sauti nene ikiwa na nguvu hufunika sauti zilizo juu yake kidogo. Uzi wa 6 ukiwa wazi hutetema mara 82 hivi kwa sekunde, na uzi wa 5 mara 110. Hapo hapo ndipo spika za chini za DJ zinapojaa. Kuongeza sauti ya ampu hakusaidii: fundi mitambo naye atapandisha, mwimbaji atadai asikike, na ndani ya dakika tano mko pale pale, ila masikio yamechoka zaidi.

Panda juu, ukimbie eneo la besi. Gusa uzi wa 6 kidogo tu, juu kabisa ya chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), usiubonyeze. Upige, kisha inua kidole. Itatoka sauti kama kengele, oktava moja juu (noti ile ile, mitetemo mara mbili). Ukifanya hivyo freti ya 5 inatoka oktava mbili juu, yaani mitetemo kama 330, mbali na fujo za spika za chini. Nyuzi nene tatu zote zityuni kwa kengele ukumbini. Nyuzi nyembamba hazina shida sana.

Njia ya pili ni kuliacha sikio la nje na kutumia mfupa. Inama, pembe ya juu ya gitaa iguse taya lako, chini kidogo ya sikio. Piga uzi taratibu. Mtetemo unapita kwenye mti, unaingia kwenye mfupa wa taya na kufika ndani ya sikio bila kupitia hewa iliyojaa kelele. Njia hii inafanya kazi hata kwa gitaa la umeme lisilo na tumbo, hata likiwa halijachomekwa. Wapo wanaogusisha meno kwenye kichwa cha gitaa. Sauti inakuja wazi zaidi, ila futa kwanza, na gitaa la kuazima usiling'ate.

Ukiziba masikio kwa vizibo vya sponji wakati huo, mambo yanakuwa mazuri zaidi. Kelele za nje zinapungua, halafu ile inayopita kwenye mfupa inaonekana kama imeongezeka, hasa sauti nene. Usitumie kidole kuziba, kwa sababu mkono mmoja unapiga na mwingine uko kwenye ufunguo. Weka vizibo kwenye mfuko wa gitaa pamoja na nyuzi za akiba, viishi humo.

Sasa kuna kosa ambalo kelele zenyewe zinamsukuma mtu kulifanya: kupiga uzi kwa nguvu ili ausikie. Uzi uliopigwa kwa nguvu huvutika zaidi, na sauti yake ya mwanzo hupanda kabla ya kushuka na kutulia. Wewe unaisikia ile ya mwanzo tu, maana mkia wake umemezwa na kelele. Unadhani uzi uko juu, unaulegeza. Muziki ukitulia na ukapiga kwa kawaida, uko chini. Tyuni kwa nguvu ile ile utakayopigia wimbo, au pungufu kidogo, na usikilize mkia wa sauti.

La mwisho katika sehemu hii ndilo ninalolithamini kuliko yote. Usisikilize noti, sikiliza kuyumba. Nyuzi mbili zikikaribiana bila kulingana, zikipigwa pamoja zinatoa sauti inayopanda na kushuka: waa… waa… waa. Moja ikiwa kwenye mitetemo 330 na nyingine 334, utasikia mawimbi manne kila sekunde. Ukigeuza ufunguo na mawimbi yakapungua kasi, unakwenda sawa. Yakiongezeka kasi, umegeuza upande usio wake. Yakinyooka, umefika. Uzuri wake ni kwamba ngoma, vigelegele na MC hawatoi mawimbi ya namna hiyo, kwa hiyo sikio linayashika hata pale lisipoweza kutambua kama noti ni E au E iliyoshuka. Ukiwa umeweka taya kwenye gitaa, unayahisi kwenye mfupa kabisa.

Ukishindwa kujua uzi uko juu au chini, usibahatishe. Ulegeze mpaka uwe chini bila ubishi, kisha panda polepole hadi mawimbi yanyooke. Malizia kwa kukaza kila mara. Uzi uliofikishwa mahali kwa kulegezwa huwa na ulegevu uliojificha kwenye ufunguo na kule kwenye vijia vya mwanzo wa shingo, nao utajitokeza katikati ya kiitikio.

Dalili: nikiwa peke yangu niko sawa, nikiingia na bendi niko nje

Hapa gitaa limelingana lenyewe kwa lenyewe, ila limeegemea rejea mbovu. Tafuta nani alikupa noti.

Kinanda ndicho mshukiwa wa kwanza, hasa kanisani. Wapiga vinanda wengi wana kitufe cha kuhamisha ki (noti ya msingi ya wimbo): vidole vinapiga C, spika inatoa C kali (nusu noti juu) au D. Ukimwomba E naye akabonyeza E huku kitufe kimehamishwa nusu noti juu, gitaa zima litakwenda nusu noti juu na uzi wa 1 utakuwa kwenye hatari ya kukatika. Mwambie akirudishe sifuri kwanza, mbele yako, ndipo akupe noti. Ombi hili huleta kununiana kidogo na wale waliojifunza kupiga C peke yake, lakini vumilia.

Kinanda kikiwa sifuri na bado mnasigana kidogo tu, angalia mpangilio wa sauti ya jumla. A ya kawaida duniani ni mitetemo 440, lakini vinanda vinaweza kusogezwa hadi 442 na zaidi, na mtu akiisha kusogeza huwa anasahau. Kati ya 440 na 442 kuna kama senti 8, kwa hesabu ya senti 100 ndani ya nusu noti. Peke yake hutaisikia. Ukipiga noti moja na kinanda kwa muda mrefu, itayumba.

Wimbo wa DJ usiutumie kama rejea hata siku moja. DJ akiongeza kasi kwa asilimia 3 bila kufunga ki, wimbo unapanda kama senti 51, katikati kabisa ya noti mbili. Huwezi kulingana nao na kisha ukalingana na kinanda.

Halafu kuna mngurumo wa umeme. Umeme wetu Afrika Mashariki unazunguka mara 50 kwa sekunde, na ampu isiyo na waya wa ardhi mzuri inanguruma kwa 50 na 100. Sasa G nene ni mitetemo 98, G kali ni 104 hivi. Mngurumo wa 100 umekaa kati yake, ukimvutia mtu uzi wa 3 au besi bila yeye kujua. Kwenye jenereta ni vibaya zaidi, kwa sababu jenereta ndogo hukimbia juu kidogo ya 50 ikiwa haina mzigo na hushuka mzigo ukiongezeka. Friji la vinywaji likiwaka, mngurumo unahama. Kabla ya kutyuni, funga sauti ya ampu au ingiza kitufe cha kunyamazisha, na fanya kazi kwa mfupa.

Bendi nzima ifuate mpangilio mmoja: chombo kisichoweza kubadilika kinatoa noti, yaani kinanda au akodiani, besi inafuata, kisha gitaa la ridhimu, mi-solo (gitaa la kati ya ridhimu na solo), na solo mwisho. Kila mmoja achukue noti kwa yule yule wa kwanza. Mkipokezana, solo kutoka kwa mi-solo na mi-solo kutoka kwa ridhimu, kosa dogo la kila mmoja linajumlishwa, na wa mwisho ndiye anayeonekana hajui kazi.

Dalili: kodi ya E tamu, kodi ya G chungu (au kinyume chake)

Mara nyingi hii ni matokeo ya kutyuni kwa bidii mno. Njia maarufu ni kulinganisha kengele ya freti ya 5 ya uzi mnene na kengele ya freti ya 7 ya uzi unaofuata, mpaka mawimbi yaishe kabisa. Inaonekana ni sahihi kabisa, lakini freti za gitaa zimepangwa kwa vipimo vilivyopunguzwa makali ili ki zote zipigike, na kengele ya freti ya 7 iko juu ya kipimo hicho kwa senti 2. Ukiondoa mawimbi yote kutoka uzi wa 6 hadi wa 3, G yako inakuwa chini senti 6. Ukichukua B kutoka kengele ya freti ya 7 ya uzi wa 6, inakuwa juu senti 2. G na B zimeachana senti 8 zaidi ya inavyotakiwa, na kodi ya G wazi inalia.

Mtu akisikia hivyo, anashusha B mpaka G iwe asali. Sasa E imeharibika. Anapandisha tena. Ndipo unapomwona mtu ameinamia uzi wa 2 tangu bwana harusi aingie hadi keki ikatwe.

Kwenye kelele mimi naachana na kengele za 5 na 7 na kutafuta E moja kila mahali. Chukua E ya uzi wa 6 kutoka kwenye kinanda. Kengele yake ya freti ya 12 ilinganishe na uzi wa 5 uliobonyezwa freti ya 7, kisha na uzi wa 4 freti ya 2. Halafu kengele ya freti ya 5 ya uzi wa 6 ilinganishe na uzi wa 3 freti ya 9, uzi wa 2 freti ya 5, na uzi wa 1 ukiwa wazi. Kila uzi umelinganishwa na E ile ile, kosa halirithishwi, na freti zenyewe zimekufanyia hesabu. Bonyeza kwa wepesi, karibu na chuma, usivute uzi pembeni.

Dalili: lilikuwa sawa wakati wa majaribio, wimbo wa pili limeshuka

Nyuzi mpya zitashuka tu, hakuna dawa ya maneno. Ukishafunga, zivute kwa mkono katikati, tyuni, vuta tena, mpaka zisishuke. Fanya hivyo jana yake nyumbani. Anayebadilisha nyuzi ukumbini saa moja kabla ya shughuli amejitakia.

Joto nalo lina sehemu yake. Chuma kikipata joto hurefuka, uzi unalegea. Gitaa lililotoka kwenye gari lenye kiyoyozi na kuwekwa chini ya taa za jukwaa Dar es Salaam au Mombasa litashuka lenyewe, na mikono yako inavyozidi kupiga ndivyo nyuzi zinavyozidi kupata moto. Litoe kwenye mfuko nusu saa mapema, likae pale pale litakapopigiwa, tyuni mwisho kabisa. Piga nyimbo moja ya kupasha kabla ya kutyuni ile ya mwisho.

Angalia pia uzi ulivyozungushwa kwenye ufunguo. Mizunguko miwili au mitatu iliyoshuka kwa mpangilio inatosha. Ikiwa ni nusu mzunguko, unateleza. Ikiwa ni saba iliyopandana, itaendelea kujikaza usiku kucha.

Na kama kengele ya freti ya 12 na noti iliyobonyezwa freti hiyo hiyo hazilingani, usihangaike na funguo. Uzi umezeeka kwa jasho na kutu, au daraja (kipande kinachobeba nyuzi upande wa tumbo) limekaa vibaya. Badilisha uzi, daraja ni kazi ya fundi, mchana.

Dalili: uzi hausogei, halafu unaruka "tink"

Umenasa kwenye kile kipande chenye vijia pale shingo inapokutana na kichwa. Unageuza ufunguo, uzi unajikaza upande wa kichwa tu, kisha unaachia ghafla na kupita ulipotaka. Legeza uzi, uinue kwenye kijia, paka unga wa penseli ya kawaida, rudisha. Dakika tatu tu. Uzi wa 3 na wa 4 ndio wanaosumbua zaidi.

Dalili: mashine ya kutyuni inayobanwa kwenye kichwa cha gitaa inacheza kama kichaa

Mashine hiyo husoma mtetemo wa mti, haisikilizi hewa, kwa hiyo kelele za watu haziisumbui. Kinachoisumbua ni spika za besi zinapotetemesha jukwaa, na jukwaa kutetemesha gitaa. Sogea, au simama upande ambao spika hazikuelekei, zuia nyuzi nyingine kwa kiganja, piga kwa dole gumba usawa wa freti ya 12. Gitaa la umeme liweke kwenye pikapu (kinasa sauti) ya shingoni na upunguze ukali. Programu ya simu inayotumia maikrofoni usiifungue humo ndani, utapoteza muda.

Udi, kanuni (ala ya taarab yenye nyuzi nyingi) na akodiani

Kwenye taarab shida huchukua sura nyingine. Akodiani ndiyo rejea, lakini akodiani nyingi zimetengenezwa na ndimi (vipande vyembamba vinavyotetema) mbili au tatu kwa kila noti, zilizotofautishwa kwa makusudi ili sauti iwe na mtetemo mtamu. Yaani inayumba yenyewe. Ukijaribu kuondoa mawimbi kati ya udi na akodiani ya namna hiyo, utazeeka. Mwombe mpigaji achague swichi ya ulimi mmoja, akupe noti ndefu, wewe uchukue, ndipo arudi kwenye sauti yake.

Funguo za udi hazina meno. Zimeshikwa na msuguano wa mti kwa mti tu. Ukumbi wa hoteli wenye kiyoyozi hukausha hewa, ufunguo unasinyaa na kuteleza. Uani Zanzibar wakati wa masika, mti unavimba na ufunguo unakwama. Unaoteleza upake chaki, unaokwama upake sabuni kavu ya kipande, na ukigeuza sukuma kwa ndani kila mara. Nyuzi nyingi za udi ziko mbili mbili: zuia mmoja kwa ukucha, tyuni mwenzake, kisha uachie wote na usikilize kuyumba. Mpigaji wa udi ana bahati moja, hana freti. Akiwa nje kidogo, kidole kinasogea na hakuna anayejua, isipokuwa kwenye nyuzi wazi.

Mwenye kanuni hana bahati hiyo. Nyuzi zaidi ya 70, na daraja lake limekaa juu ya ngozi. Unyevu ukiongezeka, ngozi inalegea, daraja linazama, na nyuzi zote zinashuka pamoja. Zikishuka zote kwa kiasi kile kile, usianze kutyuni mmoja mmoja wakati hadhira inasubiri. Kausha kwanza: iondoe kwenye upepo wa baharini, iweke karibu na taa isiyo kali, subiri. Huenda nyingi zikarudi zenyewe.

Uzi umeshuka katikati ya wimbo

Uzi ulioshuka kidogo una msaada: bonyeza kwa nguvu zaidi au uvute pembeni kidogo, utapanda. Uliopanda hauna ujanja wa namna hiyo, kwa hiyo ukiwa na shaka unapotyuni, afadhali uwe chini kwa unywele kuliko juu. Hamia kodi zisizotumia uzi huo ukiwa wazi. Ukijua ni upi, subiri ngoma ziingie peke yake au mwimbaji aanze kusalimia waalikwa, piga kengele ya freti ya 12, ukaze kidogo kidogo, usizidishe, kisha gusisha taya usikilize. Ukiwa hujui ni upi, usiguse chochote. Maliza wimbo kwenye nyuzi chache na umwombe MC akutafutie tangazo moja refu.